Swichi Kuukuu, Programu Mpya: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Barua nyingi zilizofika mezani kwangu mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa njia mbalimbali. Wasomaji wanazo swichi za mtandao, vile visanduku vinavyounganisha kompyuta kwa kebo, zilizokula chumvi nyingi, wameambiwa kwamba ni lazima wasasishe programu dhibiti yake, ile ambayo mafundi wenyewe huiita fimwea, na wanahofu kwamba swichi iliyokuwa ikifanya kazi bila kelele asubuhi itakuwa bati tupu ifikapo jioni. Hofu hiyo ina msingi, ingawa mara nyingi huelekezwa mahali pasipo penyewe. Nimechagua barua sita, na ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kwa sababu inabeba sehemu kubwa ya maswali ya wengine.

Shikamoo mzee wetu. Mimi ni fundi pekee wa TEHAMA katika hospitali moja mkoani kwetu. Katibu wa hospitali amerudi kutoka kwenye semina ya usalama wa mitandao na ameagiza kwamba vifaa vyote visasishwe kabla wakaguzi hawajafika. Swichi yetu kuu ni Cisco Catalyst 2960 ya porti 24, toleo lake ni 12.2, na amri ya "show version" inaonyesha kwamba haijazimwa kwa miaka 3 na wiki 17. Maabara, famasi, mapokezi na malipo vyote vinapitia humo. Nianzie wapi? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Hiyo miaka 3 na wiki 17 uliyoitaja ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko namba ya toleo. Kusasisha kunaishia kwenye kuiwasha swichi upya, na kwa kifaa kilichokaa muda mrefu hivyo bila kuzimwa, tendo hilo la kuwasha upya lina hatari zake hata kama hujagusa programu yoyote.

Anza na mipangilio. Swichi hizi huishi na nakala mbili za mipangilio: ile inayotumika sasa, ambayo hukaa katika kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, na ile iliyohifadhiwa, ambayo husomwa kifaa kinapoamka. Katika miaka mitatu, kuna mtu aliyeingia, akabadilisha porti moja ya maabara, akaona kazi inakwenda, akatoka bila kuhifadhi. Huenda mtu huyo ni wewe mwenyewe na umekwisha kusahau. Toa "show running-config" na "show startup-config", ziweke pembeni kwa pembeni, uzisome mstari kwa mstari. Nimeona zaidi ya mara moja fundi akilaumu toleo jipya kwa kosa ambalo lilikuwa ni mipangilio ya miaka miwili ambayo hakuna aliyeihifadhi.

Halafu kuna kifaa chenyewe. Kapasita za ndani ya usambazaji umeme huzeeka zikiwa kwenye joto; zinaweza kuendelea kushikilia kazi ambayo tayari inakwenda, lakini zikashindwa kuianzisha upya. Kumbukumbu nazo zina yake: mwezi Machi 2014 kampuni ya Cisco yenyewe ilitangaza kwamba vipande vya kumbukumbu kutoka kwa mtengenezaji mmoja, vilivyotengenezwa kati ya mwaka 2005 na 2010, vilikuwa na udhaifu usioathiri kifaa kinachoendelea kufanya kazi, bali hujidhihirisha kifaa hicho kinapozimwa na kuwashwa. Sisemi kwamba swichi yako ni mojawapo. Ninachosema ni kwamba kifaa kinaweza kuwa kimekwisha kuharibika huku taa zote zikiwa za kijani.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza huwashangaza wengi: iwashe upya ikiwa bado na toleo lake la zamani, siku tofauti na siku ya kusasisha, baada ya kuhifadhi mipangilio. Ikiamka salama, umeondoa shaka moja kubwa. Isipoamka, utajua kwamba tatizo ni la kifaa, na hutakesha ukihangaika na faili la programu lisilo na hatia. Lakini hilo lisifanywe kabla hujapata swichi nyingine ya kushika nafasi yake, iwe ya kuazima au ya kununua, kwa sababu famasi haiwezi kungoja.

Sasa swali ambalo semina huwa hazilijibu: toleo jipya litakupa nini? Usaidizi wa mtengenezaji kwa 2960 za kwanza ulikoma mwaka 2019, kwa hiyo hata ukifika kwenye matoleo ya mwisho ya mfululizo wa 15.0(2)SE, utakuwa umefika kwenye kituo ambacho basi halitaendelea mbele. Kasoro zitakazogunduliwa baada ya hapo hazitazibwa. Kwa upande mwingine, kasoro mbili zilizowatesa sana wenye swichi za aina hii zina dawa isiyohitaji kusasisha kwanza.

Ya kwanza ilitangazwa Machi 2017, baada ya WikiLeaks kuchapisha nyaraka za shirika la ujasusi la Marekani, na iligusa modeli 318 za swichi za Cisco. Mshambulizi aliipitia Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa ukiwa mbali bila usimbaji wowote, na aliyekuwa ameifunga Telnet alikuwa amekwisha kumfungia mlango. Ya pili ilitangazwa Machi 2018, nayo ilihusu huduma ya Smart Install, ya kuisanidi swichi mpya kutoka mbali, ambayo kwenye swichi nyingi huwa imewashwa tangu kiwandani na husikiliza kwenye porti 4786, ambayo ni mlango wa kiprogramu, si tundu la kebo. Wiki moja hivi baadaye, mapema Aprili, swichi zilizokuwa wazi kwa namna hiyo nchini Iran na Urusi zilifutwa mipangilio na kuachiwa picha ya bendera ya Marekani pamoja na ujumbe wa kuonya watu wasichezee uchaguzi wao. Serikali ya Iran ilisema swichi 3,500 nchini humo ziliathirika. Kasoro hiyohiyo ilikuwa bado ikitumiwa miaka saba baadaye, kwani Agosti 2025 FBI ilitoa onyo kwamba wadukuzi wa idara ya usalama ya Urusi wanaipitia kwenye vifaa vya zamani ambavyo havijarekebishwa.

Dawa yake ni amri moja, "no vstack", kisha unahifadhi. Haihitaji kuwasha upya wala kukesha. Kuna matoleo machache ambayo huduma hiyo ipo lakini amri ya kuizima haipo, na hapo porti 4786 huzuiwa kwa orodha ya ruhusa. Na yako ikiwa ya kale mno, huduma yenyewe inaweza kuwa haimo kabisa. Kwa hiyo mwambie Katibu kwamba kazi inaanza leo alasiri kwa kuzima Smart Install na Telnet, na kwamba jambo la kusasisha litafuata kwa ratiba yake. Mkaguzi anayeijua kazi yake atakuelewa.

Hapa, hata hivyo, kuna jambo linaloweza kukulazimisha kusasisha. Tazama jina la faili la programu unayotumia sasa. Likiwa na herufi "k9" ndani yake, maana yake lina usimbaji, na SSH, njia salama ya kuingia kwenye swichi ukiwa mbali, inapatikana. Likiwa halina, ukiifunga Telnet hutakuwa na njia salama ya kuingia isipokuwa kebo ya konsoli, ile inayotoka kwenye kompyuta yako moja kwa moja hadi kwenye swichi. Kwa swichi kuu ya hospitali, mimi ningelihesabu hilo kuwa sababu halali ya kusasisha. Na utakapochagua faili jipya, angalia herufi hizohizo, maana wapo waliosasisha kwa bidii wakaishia kwenye faili lisilo na "k9" na kujikuta nje ya nyumba yao wenyewe.

Ukiamua, fanya hivi. Nakili mipangilio yako nje ya swichi, pamoja na faili linaloitwa "vlan.dat", ambalo watu wengi hulisahau. Orodha ya VLAN zako, yaani mitandao midogo iliyogawanywa ndani ya swichi, kwa kawaida hukaa humo, haimo katika mipangilio unayoisoma kwenye skrini, na mtu anayefuta flashi nzima, ile kumbukumbu inayotunza mafaili ya swichi, ili kupata nafasi huondoka nayo. Pima nafasi iliyobaki kwa "dir flash:". Swichi kama yako ina flashi ya megabaiti 32, na mara nyingi nafasi hupatikana kwa kuondoa faili za ukurasa wa wavuti ambazo hazitumiki, bila kuligusa toleo la zamani. Ndugu yake mkubwa, 2950, alikuwa na megabaiti 8 tu, na huyo alikulazimisha kufuta la zamani kabla ya kuweka jipya, jambo ambalo ni sawa na kukata daraja ukiwa katikati ya mto. Faili jipya likishafika, lithibitishe kwa "verify /md5" na ulinganishe jibu na namba iliyoandikwa kwenye ukurasa wa mtengenezaji, tarakimu kwa tarakimu hadi ya mwisho. Kisha elekeza swichi iamke na faili hilo, uandike jina lake kwa kunakili wala si kwa kichwa, kwa sababu herufi moja ikikosewa swichi itaamka ikitafuta faili lisilokuwepo.

Chagua usiku ambao maabara ina kazi chache, hakikisha UPS, ile betri ya akiba, imejaa na jenereta ina mafuta, uwe umekaa mbele ya raki na kebo ya konsoli ikiwa imechomekwa. Usiifanye kazi hii ukiwa nyumbani.

Habari yako mwandishi. Nilikuwa nikisasisha swichi aina ya 2960 katika duka la jumla tunalolihudumia, stima ikapotea kabla sijamaliza. Sasa taa ya SYST inapepesa tu haitulii, na skrini ya konsoli inaonyesha "switch:" peke yake. Mwenye duka anasema nimemuulia kifaa, na ametaka nimlipe. Je, kweli imekufa? (Fundi, Mombasa)

Haijafa, na usilipe chochote bado. Neno hilo "switch:" ni sauti ya programu ndogo ya kuamshia, ambayo hukaa mahali pake tofauti na faili kubwa ulilokuwa ukilibadilisha. Madhali inakujibu, una pa kuanzia.

Andika "flash_init", kisha "dir flash:". Soma kwa utulivu kilichomo. Ikiwa faili la zamani bado lipo, andika "boot flash:" na kuambatanisha jina lake kamili, uone kama litaamka. Mara nyingi huamka, na mwenye duka atakuwa amepata swichi yake kabla chai haijapoa. Ikiwa limekwisha kufutwa na jipya limekatika katikati, itabidi ulipeleke jipya kupitia kebo ya konsoli kwa itifaki ya Xmodem, na hapo subira itapimwa.

Konsoli huzungumza kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, kila herufi ikihitaji biti 10, zinapita baiti 960 kwa sekunde, na faili la megabaiti 10 litachukua karibu saa 3 ikiwa hakuna kinachokatika njiani. Mimi niliwahi kukaa hivyo katika ofisi ya mteja mmoja kuanzia saa 3 usiku, nikamaliza birika zima la chai, kabla ya kukumbuka kwamba kasi huongezwa. Andika "set BAUD 115200", skrini itajaa takataka, nawe badilisha kasi katika programu ya kompyuta yako ilingane. Kazi ya saa 3 itakuwa ya robo saa na ziada kidogo. Kisha "copy xmodem: flash:" pamoja na jina la faili, na mwisho "boot flash:" na jina hilohilo. Kabla hujaiamsha, rudisha kasi kwa "unset BAUD". Ukisahau, fundi atakayekuja mwakani atachomeka kebo yake kwa 9600, aone herufi za ajabu, na aamini kwamba konsoli imeungua.

Niongeze jambo ambalo halikukupata lakini lingeweza. Baadhi ya vifurushi vya kusasisha hubadilisha pia ile programu ndogo ya kuamshia. Umeme ukikatika katika sekunde hizo chache, hakuna "switch:" wala sauti nyingine ya kukujibu, na kifaa hicho kitahitaji vyombo vya maabara ambavyo wewe na mimi hatuna. Maelezo ya toleo husema kama kifurushi kinaigusa programu hiyo. Kikiwa kinaigusa, UPS ni ya lazima, na mtu yeyote asikae karibu na swichi ya ukutani. Vilevile kuna swichi ambazo, zikiamka mara ya kwanza na toleo jipya, hukaa kimya dakika kadhaa zikisasisha vipande vya ndani, kama kidhibiti cha umeme unaopita katika kebo za mtandao. Kimya hicho kimewaponza wengi, kwa sababu fundi mwenye haraka huchomoa waya akidhani imeganda, na hapo ndipo anapoiharibu kweli.

Asalaam aleikum. Ndugu yetu aliyeko Dubai alitutafutia swichi 4 za Cisco 2960-X zilizotumika, kwa bei nzuri sana. Tumezifunga hotelini na zinafanya kazi bila tatizo. Je, nizisasishe zote sasa kabla ya msimu wa wageni? (Msomaji, Zanzibar)

Waaleikum salaam. Usizisasishe zote, na kwanza jiridhishe kwamba ni zenyewe. Mwaka 2019 kampuni moja ya TEHAMA ilisasisha programu ya swichi zake za aina hiihii, 2960-X, na baadhi zikaacha kufanya kazi. Wachunguzi wa F-Secure ya Finland walipozifungua, walikuta kwamba ni bandia, na ripoti yao ilitoka Julai 2020. Walizikuta za namna mbili, zote zikiwa zimetengenezwa ili kulihadaa jaribio ambalo programu halali hulifanya kuhakiki kwamba vipande vya ndani ni vya mtengenezaji. Hawakukuta mlango wa siri wa kijasusi. Waliozitengeneza walikuwa wakitafuta fedha. Wateja walikuwa wamezitumia kwa kuridhika mpaka siku ile ya kusasisha.

Bei nafuu peke yake si ushahidi, maana swichi halali zilizotumika pia huuzwa kwa bei ya chini, na sina sababu ya kumtilia shaka ndugu yenu. Lakini linganisha namba ya utambulisho iliyobandikwa nyuma ya kila swichi na ile inayotolewa na amri ya "show inventory". Zikitofautiana, au swichi mbili zikitoa namba moja, una jibu lako. Zikilingana, mpelekee mtengenezaji namba hizo akuthibitishie. Kisha chukua moja tu, ile inayohudumia sehemu ambayo mgeni hataona ikizimika, uisasishe, uiache ifanye kazi majuma mawili. Zile tatu zisubiri.

Kuhusu faili la programu, najua kwamba kupakua kwa mtengenezaji kunahitaji akaunti yenye mkataba, na kwamba vijana wana flashi zao za USB zilizojaa mafaili. Faili lisilojulikana lilikotoka, likawekwa kwenye swichi ambayo haijulikani ilikotoka, ni kamari mara mbili. Ikiwa toleo linaziba kasoro ya usalama iliyotangazwa rasmi, Cisco huwa inawapa hata wasio na mkataba wanaowasiliana na kitengo chake cha usaidizi, alimradi modeli yenyewe bado imo katika kipindi cha kushughulikiwa. Andika, omba.

Nimepewa laptopu mpya kazini, na tangu siku hiyo siwezi kuingia kwenye swichi zetu za zamani kwa SSH, wala ukurasa wake wa wavuti haufunguki. Mwenzangu mwenye laptopu kuukuu anaingia vizuri. Nimeshauriwa nisasishe swichi zote. (Msomaji, Nairobi)

Swichi zako hazijabadilika. Laptopu ndiyo imekuwa na masharti. OpenSSH, programu ya SSH iliyomo katika kompyuta nyingi, iliacha kukubali kwa kawaida njia moja ya zamani ya kubadilishana funguo katika toleo la 7.0, Agosti 2015, na ikaacha saini za aina ya SHA-1 katika toleo la 8.8, Septemba 2021. Vivinjari navyo viliachana na TLS 1.0, njia ya zamani ya kusimba kurasa za wavuti, kuanzia mwaka 2020. Swichi ya miaka kumi na tano iliyopita haijui lugha nyingine zaidi ya hizo.

Kama lipo toleo linaloongeza njia mpya, hiyo ni sababu nzuri ya kusasisha kwa mpango, moja baada ya nyingine. Kama halipo, ruhusu njia ya zamani katika mipangilio ya SSH ya laptopu yako kwa anwani za swichi hizo tu, isiwe kwa dunia nzima. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni fundi kuchoka na kuifungua Telnet upya "kwa muda", na muda huo ukawa miaka.

Kuna kisa kinachofanana na hiki ambacho kusasisha ndiko kulikokuwa dawa ya moja kwa moja. Vyeti vya usalama ambavyo matoleo mengi ya zamani ya Cisco IOS, ile fimwea ya swichi za Cisco, yalijitengenezea vyenyewe viliandikwa vife tarehe 1 Januari 2020, saa 9 usiku kwa saa zetu, na toleo lenye kasoro hiyo haliwezi kutengeneza cheti kipya cha namna hiyo baada ya siku hiyo. Anayekuta cheti chenye tarehe hiyo asilaumu kivinjari.

Nina swichi 2 za HP ProCurve ambazo hazijawahi kusasishwa tangu tulipozinunua. Naweza kuruka moja kwa moja kutoka toleo nililo nalo hadi la mwisho kabisa? (Msomaji, Arusha)

Una bahati ya kuwa na ProCurve, kwa sababu nyingi kati yake zina vyumba viwili vya programu, cha kwanza na cha pili, na kila kimoja hubeba toleo lake. Amri ya "show flash" itakuonyesha yaliyomo. Weka jipya katika chumba cha pili, iamshe swichi kutoka humo kwa "boot system flash secondary", na ukiona mambo yamekwenda kombo, irudishe kwenye chumba cha kwanza. Ningependa kila mtengenezaji angefanya hivyo.

Kuruka ni jambo jingine. Yapo matoleo ambayo hayawezi kufikiwa bila kupitia toleo la kati, kwa kuwa programu ya kuamshia lazima ipandishwe kwanza. Maelezo ya toleo husema hivyo, kwa kawaida katika ukurasa ambao hakuna anayeusoma. Soma maelezo ya kila toleo lililo kati ya lako na la mwisho, hata yakiwa kumi na mawili, na uchore njia yako kwenye karatasi.

Na jihadhari na safari ya kurudi. Ukihifadhi mipangilio ukiwa kwenye toleo jipya, toleo la zamani linaweza lisielewe baadhi ya mistari. Kwa upande wa Cisco jambo hili lina sura mbaya zaidi: nenosiri lililohifadhiwa kwa namna mpya, ile inayoandikwa kwa namba 8 au 9, halieleweki kwa matoleo ya 12.2, na aliyerudi nyuma baada ya kulibadilisha hujikuta amefungiwa nje. Hifadhi nakala ya mipangilio ya zamani kabla ya kuanza, na ukirudi, rudi nayo.

Swichi yetu haina toleo jipya tena, na mkuu wa shule anauliza kama ni lazima itupwe. Fedha za kununua nyingine hazipo hadi mwaka ujao. (Mwalimu wa kompyuta, Kigoma)

Mwalimu, isitupwe. Ihamishie mahali ambapo kosa lake halitaumiza sana, kama vile maabara ya wanafunzi, mbali na ofisi ya mitihani na mbali na kifaa kinachopokea intaneti. Anwani yake ya usimamizi iweke katika VLAN yake pekee, ambayo kompyuta za wanafunzi haziifikii. Zima ukurasa wa wavuti, Telnet na kila huduma usiyoitumia. Baada ya hapo, anayetaka kuishambulia atahitaji kwanza kufika kwenye kebo yako.

Fedha zitakapopatikana, nunua mapema hata swichi ndogo iliyotumika kwa ajili ya akiba, uipakie mipangilio ileile, uijaribu siku moja ya Jumamosi ikibeba kazi halisi, kisha uifunge kwa nailoni na kuiweka kabatini pamoja na waya wake wa umeme na kebo ya konsoli. Na leo, kabla hujagusa chochote, chukua utepe wa karatasi na kalamu, uandike namba ya porti kwenye kila kebo inayoingia katika swichi hiyo, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, kwenye ncha iliyo karibu na swichi na kwenye ncha ya pili pia.